Kitanda Katikati ya Barabara

Mgeni akiingia kwenye lile kanisa la mabati kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukutana na mama mmoja aliyepiga magoti sakafuni, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope, kipande cha penseli kimechomekwa sikioni. Mgeni humsalimu, kisha huuliza, "Mchungaji nitampata wapi?" Mama hujibu, "Umeshampata." Mgeni hucheka kidogo, huomba radhi, halafu huuliza tena kwa sauti ya chini kama baba yupo. Baba alishafariki zamani, na hata alipokuwa hai hakuwahi kuhubiri. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Mchungaji ni mama mwenyewe.

Mtaani wanamwita Mchungaji Randa. Baba yake alikuwa seremala, akamwachia randa ya chuma yenye mpini wa mti mweusi, na hiyo ndiyo anayotumia mpaka leo. Lakini vijana waliompa jina hilo hawakuwa wakifikiria chombo. Walikuwa wakifikiria ulimi wake. Akikupitia mara moja, unabaki laini, na maranda yako yako chini kila mtu anayaona.

Kanisa lenyewe lilikuwa ghala la mbao kabla halijawa nyumba ya Mungu. Ni refu na jembamba, na lina mlango kila mwisho. Mlango wa mbele unatazama barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa ya Misumari. Mlango wa nyuma ulitokea Bondeni, kwenye vichochoro, na Bondeni ilikuwa ya Pasi. Misumari na Pasi yalikuwa magenge mawili ya vijana. Pasi walijiita hivyo kwa sababu, walisema, wakipita mahali panabaki bapa. Kwa nini wale wengine walijiita Misumari sidhani kama kuna haja ya kueleza. Kijana wa Pasi hakukanyaga barabara kuu, na kijana wa Misumari hakushuka Bondeni. Wa mwisho kujaribu alikuwa Pasi mmoja aliyepita barabara kuu mchana kweupe kwenda kununua dawa. Alirudi na mkono uliovunjika na dawa hakuipata.

Mchungaji Randa alikuwa amewazika wengi wa pande zote mbili. Alizoea, na kule kuzoea ndiko kulikomtia hasira. Siku moja alikwenda nyumbani kwa kijana aliyekuwa anamzika, akamwomba mama wa marehemu amwonyeshe mahali mwanawe alipokuwa analala, apate la kusema kanisani. Yule mama alitazama kushoto, akatazama kulia. "Alikuwa analala popote, Mchungaji," akasema. "Huku kwetu hakuwa na mahali."

Kesho yake Mchungaji alipanda mimbarini, akalikunja hubiri alilokuwa ameandaa akalitia mfukoni. Akalielekezea jeneza kidole. "Tumechanga tukamnunulia huyu sanduku zuri la kulalia," alisema. "Lina mito, lina vishikio vinavyong'aa. Alipokuwa hai, nani kati yetu alimnunulia kitanda?" Watu waliinamisha vichwa. Wengine walikasirika, kwani msiba si mahali pa kuulizana maswali. Yeye hakujali. Wiki hiyohiyo alisogeza mabenchi pembeni, akaweka meza ya kazi katikati ya kanisa, akatangaza kwamba kijana yeyote asiye na kitanda aje atengeneze.

Walikuja. Kwanza walikuja kucheka, wakabaki. Misumari walifika asubuhi kwa mlango wa mbele, Pasi walifika alasiri kwa mlango wa nyuma, na katikati palikuwa na saa ya Mchungaji kufagia na kusali bila kusumbuliwa. Mbao zilikuwa chache na vifaa pia, kwa hiyo aligawa kazi. Wa asubuhi walitengeneza vichwa vya vitanda na mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni. Wa alasiri walitengeneza matendegu, yaani miguu, na chaga za kuwekea godoro. Kila upande uliamini kwamba sehemu nyingine hutengenezwa na Mchungaji mwenyewe. Hakuwaambia hivyo, ila hakuwaambia vinginevyo pia. Kunyamaza si kusema uongo, alijiambia, ingawa alijua vizuri kwamba Mungu hadanganyiki kirahisi hivyo.

Kati ya wale wa alasiri alikuwepo kijana wa kama miaka ishirini, jina lake Kijiko. Walimwita hivyo kwa sababu tangu utotoni alitembea na kijiko mfukoni, asije akapitwa na chakula cha watu kwa kukosa chombo. Mama yake alikuwa dobi wa kufulia majumbani, mwanamke mwenye mikono iliyorowa mpaka imekunjamana. Alikuwa amemvumilia mwanawe mpaka uvumilivu ukamshinda, kwa kuwa Kijiko alilala maskani kwa Pasi, na aliyelala maskani alikuwa mali ya maskani. Akitumwa, anakwenda. Hatimaye mama alimwambia neno moja: "Ile kona yako nimeipatia mpangaji. Anahamia Jumamosi. Ukitaka kurudi, rudi kabla ya hapo, na uje na kitanda chako, nijue umerudi kulala na si kupita."

Kijiko alichukua neno hilo akaenda nalo kwa Mchungaji, na Mchungaji akaacha vitanda vingine vyote wakashughulikia hicho. Kijiko alichagua kichwa cha kitanda kwenye rundo. Alichagua kile kilichokuwa na mchoro wa mawimbi juu, na fundo la mti limeachwa makusudi katikati, likasuguliwa mpaka linang'aa. Ijumaa kitanda kilikuwa tayari, kimebaki kupakwa vanishi tu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa Mzee Miwani, mwenyekiti wa baraza la kanisa. Mgala muue na haki yake mpe: mzee huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ambalo lilikuwa limevunjwa mara mbili, na mlinzi wake alipigwa akapoteza meno. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Ila watu wakiogopa sana hupenda kujenga, na baraza likaamua mlango wa nyuma uzibwe. Mchungaji alipinga, akashindwa kwa kura. Akasema hatakubali, wakasema kura ni kura. Mzee Miwani akatoa matofali dukani kwake bure, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata ujenzi wa vyoo ulipokwama kwa mwaka mzima.

Ijumaa ile Mchungaji alikuwa amekwenda hospitali kumwona muumini aliyejifungua mapacha. Alirudi alasiri, akasimama kwenye mlango wa mbele, akaona kwamba kanisa limekuwa giza. Ule mwanga uliokuwa ukitoka mwisho wa pili haukuwepo. Fundi alikuwa anakung'uta mwiko wake, Mzee Miwani amesimama mikono nyuma akikagua ukuta, na kando yao Kijiko amerowa saruji mpaka viwikoni, anatabasamu.

"Mama, umechelewa!" alisema Kijiko. "Tumemaliza sasa hivi. Nimewasaidia kubeba matofali, nikawakorogea na saruji."

Mchungaji alimtazama. "Umewasaidia kujenga nini, mwanangu?"

Kijiko akageuka. Alitazama ukuta, akatazama kitanda chake kilichosimamishwa pembeni, akatazama mlango wa mbele kule mbali, ambao nje yake palikuwa na barabara kuu na Misumari. Tabasamu likamtoka polepole. Alikuwa ameona kazi ya kanisa inafanyika, akasaidia kama alivyofundishwa. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

"Mzee," alisema Mchungaji, "huyu anaishi Bondeni. Atapita wapi?"

"Hilo ni la kusikitisha," alisema Mzee Miwani, na kweli lilimsikitisha. "Lakini Mchungaji, kanisa la heshima lina mlango mmoja."

Fundi akakumbuka ana kazi nyingine, akaondoka haraka. Saruji ilikuwa bado mbichi. Mchungaji alichukua nyundo mezani, akaipima mkononi. Pigo moja tu lingetosha kuanzia. Halafu akafikiria: akibomoa leo watajenga kesho, na kesho ni Jumamosi. Na jambo jingine likamjia, likamchoma zaidi. Miezi yote hiyo na yeye alikuwa akiwaingiza vijana hawa kwa nyuma, kimyakimya, kama mtu anayeficha uchafu wageni wasiuone. Akaishusha nyundo.

"Mlango mmoja," alisema. "Sawa, Mzee. Umesema wewe. Ulikumbuke neno hilo."

Akamwita mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita. Yule mtu aliona kitanda, akamwona Kijiko, akakumbuka kwamba tairi lake halina upepo. Kijiko akasema afadhali alale humohumo kanisani. "Na mama yako asubuhi afungue mlango amkute mpangaji?" aliuliza Mchungaji. Mzee Miwani akasema waite polisi. "Wakija polisi, Mzee," alisema Kijiko kwa unyonge, "watanibeba mimi, kitanda watakiacha."

Basi Mchungaji alifungua boliti, akakitenganisha kitanda. Kile kichwa cha mawimbi alijitwika mwenyewe juu ya kata ya kitenge. Kijiko akapewa matendegu na chaga begani, mifumbati wakaishika wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Spana aliitia mfukoni. "Mchungaji, usifanye hivyo," alisema Mzee Miwani, akimfuata hadi mlangoni. "Utamuua mtoto wa watu!"

"Mimi?" alisema Mchungaji, bila kugeuka. Akatoka nje juani.

Kutoka kanisani hadi daraja la Bondeni si mbali. Ukiwa na shughuli zako hata huoni umefikaje. Lakini siku ile barabara ilikuwa ndefu, na watu waliokuwa wakifanya biashara pembeni mwake waliacha kufanya biashara. Mwenye duka la simu alitoka nje. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake nyuma yake amenyolewa nusu. Mchungaji alitembea katikati ya lami, si pembeni, kwa sababu aliona kwamba anayepita pembeni ameshaomba msamaha.

Misumari walikuwa kijiweni kwao, mbele ya duka la matairi lililofungwa. Walisimama mmoja mmoja. Mbele alitoka mkubwa wao, Nukta. Aliitwa Nukta kwa kuwa akisema neno, sentensi imeisha. Mkononi alishika kipande cha nondo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Tupishe."

"Wewe pita, Mama. Huyo na mzigo wake watabaki."

"Mzigo ni wangu, si unauona uko kichwani kwangu? Na huyu naye ni wangu, ila simbebi kwa sababu anakula sana."

Mtu mmoja kijiweni alicheka, akajizuia. Nukta hakucheka. "Teremsha huo ubao, Mama."

"Niteremshie wewe. Shingo yangu imekakamaa, na mikono yangu yote ina kazi."

Mwenye malezi hata kidogo haongei na mama wa rika la mama yake huku mama huyo amejitwika mzigo. Nukta alikuwa na malezi, yamefunikwa tu. Alitazama nondo yake, akatazama ubao, akaona havishikiki kwa pamoja. Akaiweka nondo chini. Akanyoosha mikono, akauteremsha ubao kwa uangalifu, akauegemeza kwenye paja lake. Ndipo alipoyaona mawimbi, na fundo linalong'aa katikati.

"Hiki nimetengeneza mimi," alisema.

"Ndiyo, ni chako."

"Ulisema kuna mtu hana kitanda."

"Nilisema, na yupo. Huyo hapo, muulize kama anacho."

Nukta alipitisha kidole kwenye lile fundo. Wenzake walikuwa wamemwambia alitoe kwa patasi, akakataa, akalisugua asubuhi nyingi kwa msasa mpaka likawa jicho la kitanda. Sasa uso wake ulibadilika. "Umenitengenezesha kitanda cha Pasi?" alisema taratibu. "Miezi yote hii, Mama?"

Hapo Mchungaji aliogopa kweli. Yeye mwenyewe husema kwamba siku ile alimwona kila kijana aliyemzika. Lakini mdomo wake haukujua kuogopa. "Nimekutengenezesha kitanda," alisema. "Mbao hazina genge. Kama unaona umepoteza kazi yako, kivunje. Lakini kivunje kwa mkono wako, uliosugua hilo fundo, nikuone."

"Kivunje, kaka!" akapaza sauti mmoja kijiweni.

Nukta aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Kivunje nini? Wewe uliyepewa ubao ukate sawa ukashindwa! Umewahi kutengeneza nini maishani mwako?" Yule akanywea. Nukta akamgeukia Kijiko, akayatazama yale matendegu begani mwake, akaushika mguu mmoja, akaufumbia jicho moja kama seremala mzee. "Na miguu hii kafanya nani?"

"Mimi," alisema Kijiko.

"Imepinda."

Mtu mwenye busara, akiwa peke yake katikati ya Misumari, angesema ndiyo kaka, imepinda. Kijiko alikuwa na busara yake ya kutosha, lakini kazi yake ilikuwa imetukanwa. "Haijapinda," alisema.

"Imepinda, naiona."

"Kichwa chako ndicho kimezidi upana! Nimechonga matundu upya mara mbili ili kiingie. Nilidhani Mama ndiye aliyekosea, nikamwonea aibu nikanyamaza."

Barabara nzima ilishika pumzi. Mchungaji akatoa spana mfukoni. "Maneno hayaungi mbao," alisema. "Fungeni tuone nani kapinda."

Wakakifunga pale pale, juu ya lami. Nukta alishika kichwa, Kijiko alikaza boliti, na walibishana kwa kila tundu. Lori lilisimama mbele yao na nyuma ya lori vikajipanga vyombo vingine, honi juu ya honi. Dereva wa lori alishuka kuja kutukana, akafika, akatazama, akasema, "Huo mfumbati mmegeuza," na ni kweli walikuwa wameugeuza. Kitanda kikasimama. Nukta alikisukuma kushoto, akakisukuma kulia, akakikalia, akajitikisa kwa nguvu zake zote. Hakikutoa hata mlio.

"Kinashika," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Miguu je?" aliuliza Kijiko.

Nukta aliinama, akapitisha mkono kwenye mguu mmoja. "Miguu iko sawa."

Mchungaji naye akakaa kitandani, na honi zikaendelea. Alitamani kulia akaona huo si wakati wake. "Sasa tukifungue tuondoke," alisema.

"Ukikifungua tena utachosha matundu," alisema Nukta kwa hasira. "Kinabebwa hivyohivyo." Akamnyooshea kidole yule aliyesema kivunje. "Wewe. Shika kona hiyo." Wakawa wanne, Nukta na yule kijana mbele, Kijiko na Mchungaji nyuma, kitanda kikapita barabara kuu mpaka chini. Nondo ilibaki imelala pembeni ya lami.

Habari hazina miguu lakini hufika kabla ya mtu. Darajani, ng'ambo ya mtaro, mama yake Kijiko alikuwa amesimama na povu la sabuni mikononi, na nyuma yake Pasi kadhaa. Nukta alifika mwanzo wa daraja akasimama. "Mwisho wangu hapa," alisema. Pasi wa ng'ambo walimtazama yeye, yeye na mwenzake wakawatazama Pasi, na kitanda kikabaki kinaning'inia katikati.

Yule dobi akapanda darajani. Alimjua Nukta ni nani. Aliyevunjwa mkono siku ya dawa alikuwa mtoto wa dada yake. Alimtazama muda mrefu. Kisha akapangusa mikono kwenye khanga yake, akaishika kona ya Nukta.

"Lete, mwanangu."

"Ni kizito, Mama," alisema Nukta.

"Najua. Nimekisubiri sana." Akaichukua kona. Yule mwingine akamwachia Pasi mmoja kona yake bila kumtazama usoni, na kitanda kikavuka.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo magenge yalikumbatiana. Dirisha la kanisa lilivunjwa mwezi uleule, na waumini wawili watatu walihamia kwingine. Kilichobadilika ni kidogo lakini kilionekana. Jumapili ile Kijiko aliamka kwenye kona yake, akapita barabara kuu akiwa na mama yake na wenzake wawili. Nukta aliwatazama akiwa kijiweni, akauliza kitu kimoja tu: "Hakijayumba?" Kijiko akajibu hakijayumba, wakapita. Waliingia kwa mlango wa mbele. Na kwa kuwa waumini wa siku zote hugombania mabenchi ya nyuma, wakakuta nafasi zilizobaki ni za mbele kabisa, pembeni ya Mzee Miwani. Mzee alisogea kidogo, kisha akasogea tena, mpaka benchi likamwishia.

Ibada ilipokwisha alimfuata Mchungaji kwenye meza ya kazi. Alikuwa ameivua miwani anaifuta, macho yake yakaonekana madogo na yamechoka. "Mchungaji," alisema, "tumezungumza na wenzangu. Kuhusu ule mlango wa nyuma. Tuko tayari kuufungua, tena kwa gharama yangu mwenyewe. Vijana wale wapate njia yao."

Mchungaji alikuwa amepiga magoti, anatafuta boliti iliyoanguka. Aliipata, akaipuliza vumbi, ndipo akainua uso.

"Yaache matofali yako hapohapo yalipo, Mzee," alisema. "Njia wanayo. Ni hiyohiyo unayopita wewe."